Kamera Iliyohojiwa na Wakwe Kinyinya

Waliomo kwenye foto, kuanzia kushoto. Nyirakuru Koleta, bibi wa binti aliyekuwa anaposwa, ndiye huyo aliyenyoosha kidole kuelekea kwenu. Mbele kabisa, aliyeinama na mdomo wazi, ni Mzee Gaspari, mtoto wa kwanza wa Koleta, baba mkubwa wa binti na msemaji wa upande wao. Nyuma yake ni Yohani, mdogo wake, baba wa binti mwenyewe, ambaye kwa desturi siku hiyo hana ruhusa ya kusema neno, ndiyo maana anatafuna kiko. Kulia kwao ni Silivani, jirani yao mwenye ng'ombe. Kofia yake imekatwa nusu. Ule mkono usio na mtu ni wa Mwalimu Inosenti, msemaji wa upande wetu, alikuwa anaomba radhi. Na hicho kitambaa cha maua pale chini pembeni ni kanga yangu mimi, Mariamu binti Ramazani wa Biryogo. Epifania, binti mwenyewe, hayumo, kwa sababu saa ile ilikuwa imetangazwa kwamba ameshakwenda kuwa mtawa. Faustin, bwana harusi, hayumo pia. Alikuwa nyuma ya kamera, anatoka jasho.

Aliyepiga foto hiyo simtaji bado.

Nimeacha kazi majuzi, baada ya macho yangu kuanza kuona watu wawili pale alipo mmoja, jambo ambalo kwa mpiga picha si faida. Nilidhani nitakaa kwa binti yangu Kibagabaga, nichambue maharage, ninyamaze. Lakini Klarisa wa Kagugu, yule msichana mrefu aliyekaa kwenye kiti changu pale studio, akaja na kitu kwenye mfuko wa plastiki. "Nyogokuru, nimenunua hii sokoni. Filamu inaingilia wapi?" Nikatazama. Kamera nyeusi ya plastiki, ukubwa wa mche wa sabuni uliokatwa vizuri. Nikacheka hadi chai ikaingia puani. Huyu mtoto ana simu inayopiga foto mpaka ichoke yenyewe, naye anatafuta sabuni! Akaniambia siku hizi vijana wanazipenda. Nikamwambia hata mimi nilizipenda, na nikamsimulia ya Kinyinya. "Andika, Bibi," akasema. Basi naandika. Shule niliifikia darasa la tatu, kwa hiyo nukta na mikato ataiweka yeye. Majina nimemkataza kuyagusa.

Nilianza kazi kwa Patroni Dismas, mwenye studio, mwishoni mwa miaka ya themanini. Alikuwa Mrundi wa Buyenzi, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, na Kiswahili chake kilikuwa na Kifaransa ndani kama mchele wenye mawe. Mimi nilikuwa nauza chai na mandazi mbele ya mlango wake, mjini Kigali, chini kidogo ya soko. Siku moja mfanyakazi wake akaolewa Gitarama, akaondoka bila kuaga. Patroni akatoka nje, akanitazama nikimfunga mtoto wangu kilemba. "Wewe Mariamu, unajua kufunga tai?" Sijui, nikamwambia. "Vizuri. Nitakufundisha ile ya kwangu, usije na ya kwako."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na msinicheke. Studio ilikuwa na koti moja na tai moja ya bluu yenye mistari, kwa wanaume waliokuja bila koti wala tai, yaani wote. Mimi nilivalisha, nilifunga tai, nilichana nywele, nilipangusa mafuta kwenye paji la uso yasimeremete. Mkienda kwenye nyumba za wazee wa Kigali mkaona foto za zamani ukutani, itazameni tai. Nusu ya wanaume wa mji huu walipata uheshimiwa kwa tai ile moja, na koti limebanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo, vyangu.

Nyuma palikuwa na kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji, na mezani simu isiyo na waya. Patroni aliingia chini ya nguo nyeusi ya kamera kubwa, akapiga kelele kutoka humo ndani, "Usipumue!" Watu hawakupumua. Ndiyo maana katika foto za Patroni kila mtu anaonekana kama anayesomewa hukumu. Alikuwa fundi, sikatai. Ukucha wa mteja ungeweza kuuhesabia mistari. Lakini mama akija kuchukua foto ya mumewe alikuwa anaitazama kwa muda, anauliza, "Ndiye yeye huyu?" Na zile ndogo za kitambulisho, zilizobandikwa kwenye kadi iliyoandikwa kabila, ambazo ndizo zilizotulisha, hizo sipendi hata kuzikumbuka.

Ile sabuni iliingia studio mwaka wa tisini. Kulikuwa na Mfaransa mmoja, fundi wa madaraja, mteja wetu. Vita vilipoanza kule kaskazini akaitwa kwao, akapita kuaga, akamwachia Patroni kamera yake ndogo kama kumbukumbu. Patroni alipokea kwa mikono miwili, akasema mersi sana, na Mfaransa alipotoka akaitupa kwenye droo ya vibanio.

"Hii si apareye," akaniambia, yaani kamera. "Hii ni kiberiti. Apareye ni lazima iko na miguu mitatu."

Mimi droo ya vibanio ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Kila siku nikiivuta, kitu kile kinanitazama. Mwishowe nikamwomba nijaribu. Akanipa kipande cha filamu kilichobaki kwenye kazi nyingine, kama mtu anavyompa paka kichwa cha samaki ili anyamaze.

Vijana, nitawaambia siri yake, maana Klarisa ameniuliza inapendwa kwa nini. Hakuna aliyeiogopa. Kamera kubwa ilikuwa inaingia mahali kama padri: watu wanasimama, wanafunga vifungo, wanaacha ugomvi. Hii nyingine niliifunga kwenye ncha ya kanga pamoja na funguo, nikaenda nayo nyumbani, na watu waliendelea kuwa watu. Veneranda, jirani yangu wa ukuta mmoja pale Biryogo, alikuwa anapepeta maharage huku ananisimulia ubaya wa mtu. Nikaitoa nikampiga. "Umefanya nini?" Nimekupiga foto. "Muongo wewe, hata sijakaa!" Foto ilipotoka, amefungua kinywa, mkono mmoja uko hewani, maharage mengine yako hewani, na pengo lake la mbele linaonekana. Aliitazama, akaanza kujicheka. "Mariamu, nilikuwa nafikiri mimi ni mtu mpole."

Makosa nilifanya, na nyinyi mtayafanya. Kile kioo kidogo unachochungulia si jicho lenyewe la kamera, jicho liko chini yake pembeni, kwa hiyo ukimkaribia mtu sana wewe unaona kichwa na kamera haikioni. Nilikata vichwa vya watu wengi wazuri. Tena ule mwanga wake ukimpata mtu usiku unampa macho mekundu. Mke mmoja wa Nyamirambo alikuja na foto ya mumewe, kaishika kama askari aliyekamata mwizi. Mume alikuwa ameapa kwamba kwenye ubatizo ule alikunywa fanta tu. Mimi na Patroni tulieleza mambo ya mwanga mpaka tukachoka, na mama yule akasema, "Mwanga umejuaje kumpata yeye, na padri haukumpata?" 

Kamera ile ilikuwa na tabia mbili ambazo ndizo zilizoniponza. Ya kwanza: filamu ikiisha, haikuulizi. Inairudisha yenyewe ndani ya kopo lake, inanguruma, zzzzzz, na hakuna pa kuizima. Studio magari yalikuwa yanapita, hata sikuona kuwa ni kelele. Ya pili: juu yake palikuwa na kitufe nilichokifahamu kwa bahati mbaya. Ukikibonyeza, taa moja ndogo mbele, kataa kekundu, kanaanza kukonyeza, kanakonyeza, halafu kamera inajipiga foto yenyewe. Kwa kitufe hicho nilipata foto nzuri sana ya dari la studio.

Sasa tufike Kinyinya. Ni mwaka wa tisini na mbili. Faustin, mtoto wa Veneranda, makanika, kijana wa kusema "ndiyo mama" hata pale asipoulizwa, akapata mchumba, Epifania, binti wa Yohani wa Kinyinya. Kinyinya ile haikuwa hii ya zege na ghorofa; ilikuwa migomba, mtama na njia moja nyekundu ya kupanda mpaka ulimi utoke. Siku ya kuposa ikapangwa. Patroni akaahidi kwenda na kamera kubwa.

Wiki ile mambo mawili yalivunjika. Kwanza Veneranda aliteleza kwenye mfereji nyuma ya nyumba, nyonga ikavunjika, akalazwa chali kama meza iliyopinduliwa. Halafu kamera kubwa nayo ikakataa. Kitu fulani ndani kilichokuwa kinasema *klak* kikaanza kusema *klu*.

Nilikwenda kumwona Veneranda. Mumewe alikuwa amekufa zamani, Faustin ndiye mtoto pekee. Alinishika mkono. Nilidhani atalia, kumbe ananipa kazi.

"Mariamu, wale watu wa Kinyinya siwajui. Faustin ananiambia ni wazuri, lakini Faustin hata mbwa akimng'ata anasema mbwa mzuri. Kuna huyo Gaspari, baba mkubwa. Nasikia ndiye mwenye neno pale, na nasikia hajawahi kucheka tangu enzi ya mfalme."

"Unataka nimfanye nini?"

"Niletee uso wake. Siku hiyo kila mtu atasema maneno matamu, hiyo ni desturi, hata ukichukiwa utasemewa matamu. Mimi nitakuwa hapa kitandani. Nataka kuona uso, nijue wametupokea kwa moyo au kwa mdomo."

Nikarudi kwa Patroni. Alikuwa amekaa mbele ya kamera yake kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia tutumie ile ndogo.

"Mimi? Dismas? Nisimame mbele ya wakwe nimeshika sabuni?"

"Basi nitasimama mimi."

Akanitazama sana. "Nenda. Lakini sikia vizuri, Mariamu. Hizi foto zikitoka mbaya, jina langu limekufa. Wewe utarudi kwenye tai, na hii kitu nampa mtoto wangu achezee majini." Akanipa filamu mbili za rangi. Alizitoa kwenye kasha moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayeng'olewa meno.

Kinyinya tulifika jasho linatutoka, vikapu vya akina mama vimepinda. Walikuwa wametandaza turubai kati ya migomba, madawati ya upande wetu huku, ya upande wao kule, mtungi wa pombe ya ndizi katikati. Kwa wale mliozaliwa na simu mkononi nitaeleza kidogo. Kuposa kwetu ni mchezo wa maneno. Msemaji wa kiume anaomba; msemaji wa kike anakataa. Atasema binti hayupo, ameolewa jana, ameenda Ulaya, hajazaliwa. Kila kosa la wageni linatozwa pombe: umesimama vibaya, umekohoa, hujamsalimia bibi. Yote ni ya kuchekesha, isipokuwa ukipata msemaji ambaye uso wake haukuambii kama anachekesha.

Mzee Gaspari alikuwa wa namna hiyo. Alikaa na fimbo kati ya magoti, uso kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Hakuna aliyenijali. Nilipita na kasabuni kangu, nampiga huyu anamimina, yule anamtoa mtoto kamasi, na Nyirakuru Koleta, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wake na kuulizia kila mgeni ameoa wapi, aliniambia, "Mwanangu, mpiga picha wenu atakuja saa ngapi? Nijifunge vizuri." Watu wasipojipanga, mpiga picha anakuwa mlafi. Nilipiga, nikapiga, nikaacha kutazama kile kidirisha cha namba. Gaspari nilimpiga kila alipogeuka, lakini mlango ni mlango, uupige ukiwa kushoto au kulia.

Mwalimu Inosenti akasimama. Alikuwa mwalimu wa zamani, shati limenyooka, sauti ya kanisani. Maneno yote yalikuwa kwa Kinyarwanda, nayaleta hapa kwa Kiswahili na yamepungua utamu njiani, mnisamehe. Alisema tumekuja kuomba jiko, tumekuja kuomba mzazi, akawasifu mababu zao, akawasifu ng'ombe zao, hata wa Silivani ambaye si ndugu yao. Gaspari akamsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba binti huyo alikuwepo kweli, lakini ameingia utawani asubuhi ile ile, wageni wanywe maji warudi. Mwalimu akapiga goti kwa maneno. Akamwomba Mungu amrudishe mtawa. Akamaliza, "Mzee, jibu lako ndilo uhai wetu."

Gaspari akainua mkono. Watu kimya. Kuku kimya. Hata upepo kwenye migomba ulisimama usikilize.

*Zzzzzzzzzz.*

Jamani. Nikaifunika kwa kanga, ikanguruma ndani ya kanga. Nikaisukuma kwapani, ikanguruma kwapani, kama nyuki kwenye chupa. Upande wetu wote wakanigeukia. Faustin akafumba macho kabisa, kama mtu aliyeamua kufa.

"Nani anatukoromea?" akasema Gaspari, mkono bado uko juu.

Ikanyamaza. Sasa ndiyo ikanyamaza.

"Mzee," Mwalimu akasema, sauti ya kanisani imekwisha, "radhi, radhi. Ni... ni mgeni wetu mmoja."

"Mgeni gani anayesema kabla ya kupewa ruhusa? Mtungi mmoja wa faini. Na asimame tumwone."

Nikasimama.

"Si wewe, mama. Wewe nilikuona, umekuwa unapita hapa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Huyo uliyemficha kwapani."

Watu wakaanza kucheka upande wao, mikono mdomoni. Yeye uso ule ule. Nikaitoa nikaiweka kwenye kiganja. Gaspari akaitazama kwa muda mrefu.

"Mdogo hivi, naye anasema mbele ya wazee? Hatuwezi kuendelea na mtu tusiyemjua ukoo wake. Huyu ni mtoto wa nani?"

Mimi nikaona, nimeshaaibika, kilichobaki ni kumalizia. "Ni wangu, Mzee."

"Na wewe wa nani?"

"Wa Ramazani, fundi cherehani wa Biryogo."

"Ramazani mfupi? Mwenye mkasi wa shaba?" Gaspari akageuka kwa watu wake. "Alinishonea suruali ya kwenda kuposa. Nilipoinama kuwasalimu wakwe, ikapasuka kuanzia huku mpaka huku. Sasa ukoo tumeujua. Ni ukoo wa vitu vinavyolipuka mbele ya wakwe."

Hapo turubai lilicheka lote. Lakini yeye alibaki vile vile, na mimi nikamkumbuka Veneranda kitandani: huyu anatania, au anatufukuza kwa adabu? Sikujua. Naapa sikujua.

"Leteni kiti," akasema. "Huyu mtoto akae atueleze mwenyewe anataka nini kwetu."

Wakaleta kigoda. Nikaona filamu iliyokwisha iko tumboni mwa kamera, na uso wa Gaspari sijaupata. Nikapiga moyo konde. "Mzee, mtoto hajakusudia. Ni tumbo lake lilikuwa linanguruma. Chakula kimemwisha."

"Kwetu hatuhoji mtu mwenye njaa. Mlishe."

Nikachuchumaa mgongo kwa jua, nikafunika kamera kwa kanga, nikafungua mlango wake wa nyuma. Na hapa vijana nisikilizeni, hata kama mtasahau mengine: ulimi wa filamu uvute mpaka kwenye alama, uhakikishe meno yameshika matundu, ndipo ufunge. Usipoangalia, utapiga foto siku nzima na filamu imelala. Nilifunga. Ikavuta, *zip*. Bibi Koleta akasema, "Kanameza!"

Nikaiweka kwenye kigoda, jicho likiwaelekea wazee. Gaspari akaegemea fimbo.

"Haya, wewe mdogo. Tuambie. Umekuja kufanya nini Kinyinya?"

Hapo ndipo nikabonyeza kile kitufe cha pili, nikajivuta pembeni.

Kataa kekundu kakaanza. Kakawaka, kakazima. Kakawaka, kakazima. Wazee wakainama. Yohani, asiye na ruhusa ya kusema, akatafuna kiko. Silivani akasogeza kofia. Mwalimu Inosenti akaingiza mkono, "Mzee, radhi, labda tuki..." Na Bibi Koleta, kutoka kwenye mkeka wake, akanyoosha kidole, akapiga kelele kwa sauti ya msichana:

"Yewe Gaspari! Kanakukonyeza! Mtu mzima na mvi zako, unakonyezwa mbele ya mama yako!"

Na mlango ukafunguka. Gaspari alicheka, si kwa kutabasamu, alicheka mpaka koo likaonekana, akainama kumshika mtoto yule amtazame vizuri.

*Pah!*

Mwanga ukampata usoni. Akarudi nyuma, akakaa chini, fimbo kule, kiatu kule. Nikasema basi, Mariamu, tai inakusubiri. Gaspari akapangusa machozi, sikujua ya mwanga au ya kicheko. Akanyanyuka.

"Amejibu," akasema. "Sikumwelewa, lakini amejibu mbele ya mashahidi, na amenitazama machoni, jambo ambalo huyu Mwalimu wenu hajafanya tangu afike." Kisha akageukia nyumba. "Haya, mtoeni mtawa. Utawa umemshinda."

Akina mama wakapiga vigelegele. Epifania akatoka. Faustin akafumbua macho.

Baada ya hapo walijipanga niwapige foto rasmi, na Gaspari akasimama katikati, mlango umefungwa tena.

Filamu za rangi sisi hatukuwa na uwezo wa kuzisafisha, tulizipeleka dukani kwenye mashine, tukasubiri. Siku zile nyinyi hamzijui. Mlinzi wa duka alinichoka. Hujui kama unayo au huna. Ile ya kigoda hata sikuichungulia, hakuna aliyeichungulia. Huenda nimepata magoti matupu.

Bahasha ilipokuja, Patroni alizichambua kwenye kaunta, miwani kwenye ncha ya pua. Akafika kwenye ile. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii imepinda."

"Ndiyo, Patroni."

"Kofia imekatwa. Pua ya mzee iko na ukungu. Huu mkono ni wa nani? Nani amepiga hii?"

"Hakuna aliyepiga. Imejipiga yenyewe."

"Foto mbaya kabisa," akasema. Halafu akachukua vibanio vyangu viwili, akaitundika dirishani yeye mwenyewe, juu ya maharusi wote wa maporomoko ya maji. Kabla wiki haijaisha watu wakaanza kuingia wakisema, tunataka tupigwe kama wale, ile mbaya. Tai ile ya bluu alipewa mtu mwingine aifunge.

Lakini mimi kabla ya yote nilitoa nakala nikaipeleka Biryogo. Veneranda alikuwa bado kalala. Nikampa kwanza ile rasmi, walimosimama mstari. Akaishika karibu na macho, nikaona uso wake unashuka.

"Ndiye huyu Gaspari?"

"Ndiye."

"Hatupendi huyu."

Nikampa ya pili. Aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Halafu kitanda kikaanza kutikisika, nikaogopa ni nyonga, kumbe anacheka, anashika nyonga, analia maumivu, anacheka tena.

"Mariamu! Ana pengo! Pengo la mbele kama langu!" Akaifuta foto kwa kanga, ingawa ilikuwa safi. "Huyu ametupokea. Mtu hamwonyeshi asiyempenda pengo lake. Nendeni mkamwoe binti, mimi nitapona."

Na alipona, akacheza harusini kwa mguu mmoja na nusu.

Mwaka wa tisini na nne sitauandika hapa. Nitasema tu kwamba foto hii alibaki nayo Epifania, na ndiyo iliyotoka naye, na alipoileta studio baadaye niitengeneze upya nilizima taa ya mezani nikakaa kwanza. Klarisa ameniuliza kwa nini sisi wazee tukionyeshwa foto tunataja jina la kila mtu, hata wa nyuma. Nimemwambia achukue daftari aandike, maswali baadaye.

Kwa hiyo naomba. Nyinyi vijana wenye bibi na babu kutoka Kinyinya, waonyesheni. Yule mwenye kofia mimi namwita Silivani, lakini Silivani alikuwa na ndugu yake aliyefanana naye, Bonifasi, na huenda siku ile alikuwa Bonifasi. Kile kiko huenda hakikuwa cha Yohani, alikuwa amekiazima. Na nyuma kabisa, kati ya migomba, kuna uso mdogo unaocheka, msichana wa miaka kama saba, ambaye kwa miaka yote hii jina lake sikulipata, mimi ambaye husema sisahau jina. Kama ni wewe, au ni mama yako, njoo Kibagabaga, uliza mama wa maharage. Niambie nimekosea wapi. Sitakasirika hata kidogo, nitaweka chai.